Kutoka Arusha hadi Gombani, mechi ya kwanza inachezwa Segera

Na Mwandishi Wetu, Arusha

TANGU JKT Oljoro ishuke Ligi Kuu mwaka 2014, shabiki wa Arusha amezoea kitu kimoja: ukitaka mechi kubwa, panda basi. Uwanja wa Sheikh Amri Abeid hupata mechi za hapa na pale, na kule Olmoti kuna mradi wa uwanja mpya kwa ajili ya Afcon 2027, lakini utamu mwingi bado unafuatwa mbali.

Na siku hizi mbali si Dar es Salaam peke yake. Januari 2025 Kombe la Mapinduzi lilipigwa Gombani, Pemba, na Zanzibar Heroes wakalibeba kwa kuifunga Burkina Faso 2-1. Mei 25 mwaka huohuo Simba walirudiana na RS Berkane pale New Amaan, Unguja, kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Agosti ikaja CHAN, na uwanja huohuo Sudan wakaichapa Nigeria 4-0.

Ndiyo maana kwenye vijiwe vya Kilombero, Ngarenaro hadi Tengeru hoja sasa ni hii: wana, twende visiwani, Unguja na Pemba kwa mpigo mmoja. Wazo ni zuri. Tatizo ni kwamba wengi wanaanza kupanga na tiketi ya uwanjani, wakati kitu cha kwanza kukijua ni siku za meli.

SEGERA NDIYO NJIA PANDA

Chalii wa Arusha akisikia Zanzibar, akili inakwenda Dar moja kwa moja. Kwa mechi ya Amaan yuko sahihi. Anakula zaidi ya kilomita 600 za lami, analala Dar, asubuhi anapanda boti iendayo kasi na baada ya kama saa mbili yuko Malindi, Unguja. Mwenye mfuko mzito anaruka kwa ndege kutoka Kisongo au KIA na kumaliza kazi.

Kwa mechi ya Gombani, hebu fungua ramani kwanza. Pemba iko mkabala na Tanga. Basi la Arusha likipita Moshi, Same, Mombo na Korogwe, linafika Segera. Hapo ukinyoosha unakwenda Chalinze na Dar, ukikata kushoto unapita Muheza na kuingia Tanga. Ipo meli inayounganisha Tanga na Pemba, ila si ya kila siku.

Sasa piga hesabu. Ukienda Pemba kwa kupitia Dar na kurudi njia hiyohiyo, unakata tiketi sita: basi, boti na meli wakati wa kwenda, kisha meli, boti na basi wakati wa kurudi. Ukizunguka unakata tano: basi hadi Tanga, meli hadi Pemba, meli hadi Unguja, boti hadi Dar, basi hadi nyumbani. Visiwa ni vilevile viwili, lakini hurudii njia.

Mzunguko huo unategemea jambo moja tu, siku ya meli ya Tanga. Ikiangukia kabla ya mechi, kata kushoto Segera. Ikiangukia baada ya mechi, geuza mzunguko: anza na Dar na Unguja, umalizie Tanga. Isipoangukia popote, achana nayo na upite Dar kwenda na kurudi. Uliza pia meli inatia nanga Mkoani au Wete, maana Gombani iko Chake Chake, katikati ya kisiwa, na bado utahitaji daladala.

BAHARI HAINA MARUDIANO

Watu wa Meru tunaijua baridi. Bahari tunaijua kidogo. Kaskazi huvuma kati ya Desemba na Machi, na Kombe la Mapinduzi hudondokea humo. Kuanzia Aprili hadi Septemba ni kusi, na bahari huchafuka zaidi. Fainali ya Simba na Berkane na ile CHAN zote zilikuwa msimu wa kusi.

Mkondo wa Nungwi, kati ya Unguja na Pemba, si wa kuuchezea. Septemba 10, 2011 MV Spice Islander ilizama huko ikiwa imejaza kupita uwezo wake, na mamia ya watu wakapoteza maisha. Julai 18, 2012 MV Skagit nayo ikazama karibu na Chumbe ikitoka Dar. Kwa hiyo ukikuta chombo kimefurika mashabiki mpaka ngazini, shuka. Mechi utaikuta kwenye televisheni. Na safari ikiahirishwa kwa sababu ya upepo, usimtukane nahodha.

RATIBA HUHAMA

Ile fainali ya Berkane ilikuwa ichezwe kwa Mkapa. Siku chache kabla, Caf wakaihamishia Zanzibar. Aliyekuwa na siku moja ya ziada na akiba kidogo alivuka, aliyepanga safari kwa saa akabaki Dar anaitazama baa.

Weka siku moja ya akiba kabla ya mechi na nyingine baada yake. Fainali ya usiku haina boti ya kukurudisha usiku huohuo, na mwajiri hataki kusikia habari za penalti.

Siku ya akiba haipotei bure. Ukiwa Unguja, nenda Changuu kwa mashua kutoka Mji Mkongwe, jioni rudi Forodhani ule urojo. Ukiwa Pemba, mashua za kwenda kisiwa cha Misali huondokea Wesha, karibu na Chake Chake.

MFUKO NA HESHIMA

Chagueni mweka hazina mmoja na muanze kuchanga mapema kila wiki. Nauli za kwenda na kurudi zitoke kwanza, malazi yafuate, jezi na vuvuzela vije mwisho. Nauli ya kurudi isiguswe hata timu ikibeba kombe. Kila mtu abebe kitambulisho chake, na tiketi zikatwe ofisini, si kwa mpiga debe wa bandarini.

Koti la Arusha liache nyumbani, utachemka. Ila shati usiliache. Kutembea kifua wazi mtaani Chake Chake au Mji Mkongwe ni kuwavunjia heshima wenyeji, na ni wao utakaowauliza njia usiku timu yako ikishafungwa.

Kwa hiyo kabla hamjabishana nani ataanza namba tisa, mmoja wenu aulizie ratiba ya meli ya Tanga. Akishapata jibu, mtajua basi likifika Segera mnanyoosha au mnakata kushoto.