Fahamu: Wachimbaji wa Mutoshi walivyopoteza kazi bila kufukuzwa

Machi 2020, corona ilipoingia Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, uchimbaji wa kobalti kwa mikono huko Mutoshi, kando ya mji wa Kolwezi, ulisimamishwa. Wachimbaji wadogo wapatao 5,000 wakakosa pa kuchimba.

Mradi wa uchimbaji huo ulianza 2018. Kampuni ya Chemaf, iliyokuwa na haki ya kuchimba hapo, iliuruhusu ushirika wa COMIAKOL kuchimba ndani ya eneo lake, na kobalti ikanunuliwa na kampuni ya biashara ya Trafigura. Tofauti na machimbo mengi ya mkoa huo wa Lualaba, eneo hilo lilizungushiwa uzio. Mchimbaji aliingia kwa kitambulisho na kuvaa kofia ngumu. Mitambo iliondoa udongo wa juu ili watu wasichimbe mahandaki marefu, ambayo ndiyo huwafukia wenzao kwingineko. Wanawake nao walichimba, ilhali kwingine huzuiwa kwa imani tu kwamba mwanamke akishuka shimoni madini hutoroka.

Je, mradi uliposimama walipata kiinua mgongo? Hapana, kwa sababu hawakuwa waajiriwa. Mwanachama wa ushirika hulipwa kwa uzito na ubora wa mawe aliyoleta. Hana mkataba wa kazi, hivyo mgodi ukifungwa hana wa kumdai. Kwa maoni yangu kasoro iko hapo, wala si kwenye corona.

Corona ilipopoa, Chemaf iliendelea na ujenzi wa mgodi wa mitambo. Januari 2022 Trafigura ilitangaza ufadhili wa dola milioni 600 kwa ajili ya Mutoshi na Etoile, Lubumbashi. Mradi wa wachimbaji wadogo haukufunguliwa tena.