Ligi Ndogo za Kikapu Marekani: Mji wa Wastani Unapataje Timu? (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulieleza jinsi NBA ilivyoanzisha ligi yake ya maendeleo mwaka 2001 kwa timu nane, zote katika miji ya wastani ya kusini-mashariki mwa Marekani. Leo tunaingia kwenye swali ambalo viongozi wa miji kama hiyo wamekuwa wakijiuliza kwa zaidi ya miaka ishirini: je, mji wa watu laki moja au mbili, usio na klabu kubwa, unaweza kuvuta timu ya ligi hiyo, ambayo tangu 2017 inaitwa Ligi ya G?

Wengi huanza kwa kuhesabu watu. Mji una wakazi wangapi, shule za sekondari zinacheza kikapu kiasi gani, ukumbi unajaa au haujai. Hayo yana uzito wake, lakini siyo yanayoamua. Ili tuone kinachoamua, tufuate nyayo za Mtanzania mmoja.

Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, mwenye urefu wa mita 2.21, alichaguliwa wa pili katika uteuzi wa NBA wa mwaka 2009, akaenda Memphis Grizzlies. Februari 2010 Memphis ikamshusha kwenda kuchezea Dakota Wizards ya Bismarck, makao makuu ya jimbo la North Dakota. Hadi siku hiyo hakuna mchezaji aliyeteuliwa katika nafasi ya juu kiasi hicho aliyekuwa ameshushwa ligi ndogo. Mwaka uliofuata, akiwa amehamia Houston Rockets, alipelekwa Rio Grande Valley Vipers, kusini kabisa mwa Texas. Msimu wa 2014/15 alikuwa Grand Rapids, Michigan, na mwaka 2020 akaonekana Fort Wayne, Indiana. Hiyo ni miji minne ya wastani, na miwili kati yake leo haina timu katika ligi hiyo.

Tuanze na Bismarck, kwa kuwa kisa chake kinafundisha kuliko vyote. Wizards haikuwa timu dhaifu. Mwaka 2007 ilitwaa ubingwa wa ligi. Mwaka 2011 Golden State Warriors waliinunua, wakaiacha pale msimu mmoja, kisha mwaka 2012 wakaihamishia Santa Cruz, California. Santa Cruz ina watu wapatao 60,000, na Bismarck wakati ule ilikuwa na idadi hiyo hiyo. Kwa hiyo timu haikukimbilia mji mkubwa zaidi. Ilifuata ukaribu. Warriors walikuwa na makao yao Oakland, na kutoka Oakland hadi Santa Cruz ni mwendo wa gari usiofika saa mbili. Bismarck ni safari ya ndege, tena katikati ya majira ya baridi kali.

Ukaribu huo una kazi kubwa kuliko inavyodhaniwa. Klabu ya NBA haiitazami timu yake ndogo kama biashara ya tiketi peke yake. Inaitumia kama karakana. Chukua kijana wa miaka ishirini anayekaa benchi wiki nzima. Timu ndogo ikiwa jirani, asubuhi anafanya mazoezi na wakubwa, kesho yake anashuka kucheza dakika thelathini, na akihitajika anarudi siku hiyo hiyo. Daktari wake ni yule yule, na mbinu anazofundishwa ni zile zile. Timu ikiwa umbali wa ndege mbili, mpango huo wote unavunjika: kijana anapoteza siku njiani, na kocha mkuu hamwoni akicheza ila kwenye video.

Ndiyo maana Fort Wayne inaniuma. Ni mji wa watu zaidi ya 260,000, na ndiko Pistons walikoanzia kabla ya kuhamia Detroit mwaka 1957. Timu yake, Mad Ants, iliingia ligi ndogo mwaka 2007, na Indiana Pacers wakainunua mwaka 2015. Mwaka 2023 wakaihamishia Indianapolis, na kituo chake cha mwisho kikawa Noblesville, mji wa pembezoni mwa Indianapolis ambao idadi ya watu wake haifiki hata theluthi ya Fort Wayne. Noblesville ilikuwa na mambo mawili: ukaribu na klabu mama, na ukumbi mpya wa viti elfu tatu na ushee uliojengwa kwa kipimo cha timu ndogo.

Hata historia haimwokoi mtu. Springfield, Massachusetts, mahali ambapo James Naismith alibuni mchezo wenyewe mwaka 1891, ilipoteza timu yake mwaka 2014. Timu hiyo ndiyo iliyokuja kuwa ya Grand Rapids. Erie, Pennsylvania, iliumizwa mara tatu. Timu ya kwanza iliondoka mwaka 2017 kwenda Lakeland, Florida. Ya pili, ya Atlanta Hawks, ilikaa misimu miwili tu ikisubiri ukumbi wa College Park ukamilike. Ya tatu, ya New Orleans, ikaenda Birmingham, Alabama. Zote tatu ziliitwa BayHawks. Kwa Atlanta na New Orleans, Erie ilikuwa chumba cha kusubiria.

Tugusie fedha. Msimu una mechi kama 50, na takriban nusu yake ndizo za nyumbani. Tuseme ukumbi wa viti 3,000 unajaa kila mara kwa tiketi ya dola 15: mechi 24 zinaleta dola 1,080,000. Toa kodi ya ukumbi, matangazo, usafiri na mishahara ya ofisi, halafu kumbuka kwamba ukumbi haujai kila mara. Wadhamini wa mji wenyewe ndio wanaoziba pengo: benki, hospitali, muuza magari. Ukumbi wa viti 10,000 unaobaki mtupu kwa robo tatu hauwasaidii hao wala timu.

Zipo timu zilizoishi mbali na klabu zao, na zinastahili kuchunguzwa. Sioux Falls, South Dakota, imekuwa na Skyforce tangu 1989, zamani za ligi ya CBA, na leo timu hiyo inawalea wachezaji wa Miami Heat iliyoko upande wa pili wa nchi. Grand Rapids inashirikiana na Denver. Vipers nao walikuwa wa kwanza kukubaliana na Houston, mwaka 2009, kwamba klabu kubwa isimamie makocha na wachezaji, na wamiliki wa pale wabebe biashara. Kinachowaunganisha ni wenyeji walio tayari kuweka fedha zao, na watu waliokwisha kuzoea kwenda uwanjani.

Kwa mji unaoanza leo mlango umebaki mwembamba. Tangu 2024 kila moja kati ya klabu 30 za NBA ina timu yake, na ya 31 ni ya Mexico City. Hakuna timu inayotafuta mji isipokuwa NBA yenyewe ikiongeza klabu, au timu iliyopo iamue kuhama. Ligi huru zipo na kuingia kwake ni rahisi, lakini timu zake hufa haraka.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: mji wa wastani ulio ndani ya saa mbili za gari kutoka klabu ya NBA, wenye ukumbi wa viti 2,500 hadi 4,000, una nafasi ya kweli. Ulio mbali zaidi ya hapo utahitaji tajiri mwenyeji asiyechoka haraka. Na kwa vyovyote, halmashauri isimwage zege hata toroli moja kabla klabu haijasaini mkataba wa miaka mingi wenye fidia nzito iwapo itahama. Erie isingeachwa kirahisi vile kama ingekuwa na karatasi hiyo mkononi.