Umeme Hautoki Kwenye Kiazi

Kemia ya betri inaweza kufundishwa Bomet kwa vitu vya nyumbani: kiazi, msumari wa mabati na kipande cha waya wa shaba kilichochunwa plastiki. Chomeka msumari na waya kwenye kiazi bila kugusana, pima kwa mita, nayo itaonyesha takriban volti 0.9. Darasa hushangilia, na mara nyingi somo huishia hapo, wanafunzi wakiondoka na imani kwamba kiazi kina umeme. Hapo ndipo lilipofaa kuanza. Badala ya kiazi weka limau: kipimo hakibadiliki sana. Rudisha kiazi, ng'oa msumari, uchomeke shaba ya pili: kipimo kinashuka karibu na sifuri. Kumbe siri iko kwenye tofauti ya metali. Zinki iliyopakwa msumari huachia elektroni kwa urahisi kuliko shaba. Elektroni hizo hupita kwenye nyaya za mita hadi kwenye shaba, huku majimaji ya kiazi yakipitisha ayoni. Zinki ndiyo inayolika. Betri ya Alessandro Volta ya mwaka 1800 ilifuata kanuni hiyohiyo, na jiwe la kawaida la redio likichakaa huvuja kwa sababu kopo lake la zinki limelika.

Wapo watakaosema shule hazina maabara. Ni kweli: sekondari msingi ilipoanza mwaka 2023 iliwekwa katika shule za msingi, ambazo nyingi hazikujengewa maabara. Lakini jaribio hili linataka meza na mita moja ya kupokezana. Wengine watasema muda ni wa kujiandaa kwa mtihani. Mtihani wenyewe wa kumaliza sekondari, KCSE, una karatasi ya kemia kwa vitendo, na aliyeshuhudia kipimo kikianguka ana sababu ya kukumbuka kanuni ambayo mwenzake ameikariri tu. Hoja nzito zaidi ni kwamba kiazi hakiwezi kuchaji simu. Hakiwezi, kwa kuwa mkondo wake ni hafifu mno, hata ukiunganisha vitatu mfululizo vikawasha taa ndogo nyekundu ya LED. Udhaifu huo nao hufundisha kwamba volti peke yake haitoshi. Kinachobaki ni kazi ya mwalimu: awatake wanafunzi waandike wanachotarajia kabla ya kupima, awakataze kupasua betri kuukuu, na viazi vya jaribio visiliwe, maana vimeingiwa na metali.