Chakula cha Sungura na Maradhi ya Tumbo Lake



Gazeti hili ni la karafuu, lakini barua tunazozipokea si za karafuu tupu. Safari hii tumeletewa swali kutoka mbali. Mwanachama mwenzetu ana kijana wake anayesomesha skuli katika kata ya Nyabibuye, wilaya ya Kakonko, mkoa wa Kigoma, huko katika nchi ya Waha. (Mpaka mwaka 2012 sehemu ile ilikuwa ndani ya wilaya ya Kibondo, na wazee wengi wataijua kwa jina hilo.) Watoto wa kijana huyo walipewa sungura wanne. Wawili wamekwisha kufa kwa kuvimba tumbo, na wawili waliobaki wanakula kwa kusitasita. Chakula chao, anasema, kilikuwa kizuri na cha kutosha: pumba za mahindi, ugali uliobaki usiku, na maharage kidogo. Anauliza ni maradhi gani yaliyoingia bandani.

Kwa tulivyoisoma barua, twaona kwamba cha kushukiwa mwanzo ni hicho chakula kizuri. Na kwa kuwa hapa kisiwani nako sungura wa watoto hulishwa mkate wa jana, wali na maganda ya mbatata, tumeona bora jawabu litoke gazetini kuliko kumwandikia mtu mmoja.

Kwanza yafaa tumjue mnyama mwenyewe. Sungura mjanja wa hadithi zetu, yule wa porini mwenye masikio marefu, si huyu wa bandani. Yule huzaa watoto wenye manyoya na macho wazi. Huyu huzaa watoto watupu, vipofu, ndani ya shimo. Asili ya huyu wa kufugwa ni Hispania na Ureno, na kule mababu zake walikula nyasi ngumu na majani makavu. Tumbo lake liliumbwa kwa chakula hicho, wala halikubadilika kwa kuletwa nyumbani.

Tumbo hilo lina mambo mawili ya ajabu. La kwanza ni mfuko mkubwa wa utumbo, uliofungwa upande mmoja, mkubwa kuliko tumbo lenyewe. Humo wamo vijidudu wasiohesabika ambao kazi yao ni kuchachusha majani na kuyageuza kuwa chakula. La pili ni kuwa sungura hutoa mavi ya namna mbili. Yako yale magumu ya mviringo tunayoyaona sakafuni. Na yako mengine laini, yenye utelezi, yaliyoshikamana kama kichala kidogo, ambayo hutoka zaidi usiku au alfajiri, na sungura huinama akayala papo hapo yanapotoka. Wako watu waliowapiga sungura wao kwa jambo hilo, wakidhani ni uchafu au wazimu. Si uchafu. Ndani yake mna protini na vitamini zilizotengenezwa na wale vijidudu, na sungura akizuiwa kuyala hudhoofika.

Sasa, kinachoyasukuma matumbo haya yasisimame ni nyuzinyuzi za majani. Zikiwa nyingi, chakula hutembea. Zikipungua, mwendo hupungua, maji hukauka ndani, na kile kilichomo huganda. Tena unga na nafaka, vikimfikia kwa wingi, hubaki havijasagika vyema, vikaingia katika ule mfuko mkubwa na kuwalisha vijidudu wabaya. Hao hutoa gesi na sumu. Na sungura, tofauti na paka au mtu, hawezi kutapika. Kilichoingia hakina mlango wa kurudia. Ndiyo maana sungura mzima wa jioni huweza kukutwa asubuhi amevimba tumbo kama ngoma. Watoto wa sungura walioachishwa ziwa karibuni, wa wiki 4 hadi 8, ndio wanaokufa upesi zaidi, kwa sababu vijidudu wema hawajatulia matumboni mwao.

Liko na jambo la meno. Meno ya sungura hayakomi kukua. Ya mbele hukua kiasi cha sentimita 10 kwa mwaka, na kinachoyapunguza ni kutafuna nyasi kwa saa nyingi. Ugali hautafunwi. Sungura aliyelishwa ugali na pumba meno yake hurefuka na kupinda, kinywa kikamuuma, akaacha kula, na akiacha kula matumbo husimama. Basi mlango ni mwingine lakini nyumba ni ile ile.

Kwa hiyo chakula cha sungura ni nyasi. Nyasi mbichi na nyasi kavu ziwe mbele yake mchana na usiku, zaidi ya sehemu nne katika tano ya kila anachokula. Juu yake apewe majani ya mboga kiganja kimoja au viwili kwa siku: matembele yanamfaa sana. Chakula cha dukani cha vidonge, au pumba kwa asiyekuwa na vidonge, ni kionjo tu. Kwa sungura wa kilo 2, vijiko viwili vya chakula kwa siku vyatosha, na mtoto wa sungura asizidishiwe. Ndizi mbivu kipande cha ncha ya kidole, siku mojamoja. Maji safi yasikosekane, kwani sungura wa kilo 2 aweza kunywa robo lita kwa siku, na wakati wa joto zaidi.

Hapa ndipo Nyabibuye na Pemba zinapoachana. Kule kwenye nyanda za juu mvua ni ya msimu mmoja mrefu, na kuanzia Juni hadi Septemba ni ukavu. Nyasi za porini hukauka zikiwa zimesimama na ladha na nguvu zikawa zimekwisha. Kijana wetu basi akate nyasi zake mwishoni mwa mvua, mwezi wa Mei, zinapoanza tu kuchanua. Sisi shida yetu ni kinyume: majani tunayo mwaka mzima, lakini yamelowa. Nyasi za masika zikikatwa asubuhi na umande wake, zikarundikwa bandani, huanza kupata moto ndani ya lundo, na sungura akizila huharisha.

Lakini kuna watu gani ulimwenguni wajuao kuanika kuliko sisi? Kila mwanachama ajua kwamba karafuu mbichi zilizolala usiku katika lundo hugeuka mpeta. Nyasi nazo ni hivyo hivyo. Zikate jua likishakausha umande, zitandaze nyembamba, zigeuze mara kadha kwa siku, na wingu likikusanyika zikusanye upesi na kuzifunika. Kwa jua zuri siku mbili au tatu zatosha. Nyasi iliyokauka sawasawa huvunjika mkononi, lakini rangi yake bado ina ukijani na harufu yake ni tamu. Ziweke juu ya uchaga unaopitisha hewa, si sakafuni. Zikiota ukungu zitupwe, wala mtu asiseme atazipepeta, kwa kuwa sumu ya ukungu haipepetwi. Ukoka wafaa sana kwa kazi hii. Majani ya tembo pia, yakikatwa machanga. Neno moja kwa faida ya mfuko wetu: nyasi zisianikwe juu ya jamvi la karafuu. Mnajua wenyewe takataka zinavyofanya katika upimaji wa daraja.

Majani mengine yana hatari. Majani mabichi ya muhogo yana sumu, nayo hupungua yakikaushwa juani. Majani ya mparachichi na maganda ya tunda lake, majani ya mbatata na ya mnyanya, yote yasipewe sungura. Mlusina ukizidi humtoa manyoya. Kabichi huleta gesi. Na karafuu, ambayo sisi twaisifu kwa tumbo la binadamu, isitiwe katika kinywa cha sungura, wala mafuta yake.

Joto nalo huzuia kula. Sungura wa Nyabibuye hupata baridi ya usiku akapumua. Wa kwetu, saa nane ya mchana wa Februari chini ya bati, huhema tu na nyasi haziangalii. Banda liwe kivulini, na wakati wa joto kali gunia lililoloweshwa maji litundikwe ubavuni mwake.

Dalili ni rahisi kwa mwenye kuangalia. Kila asubuhi mtoto ahesabu mavi kabla ya kufagia. Yakiwa madogo kuliko desturi, au yameungana kwa manyoya kama shanga, nyasi ziongezwe. Sungura akipitisha nusu siku bila kula wala kutoa mavi, hiyo ni hatari ya siku hiyo hiyo, haingoji kesho. Mchumo ndio wakati mbaya: nyumba nzima iko mashambani, na hakuna ajuaye sungura alikula lini. Mnyama wa namna hiyo aondolewe nafaka, awekewe nyasi mbichi na maji, aachwe atembee, na apelekwe kwa daktari wa mifugo. Tumbo likiwa gumu na limevimba asilazimishwe kulishwa.

Tuna jambo zito zaidi. Yule sungura wa pili wa Nyabibuye, barua yasema, alipewa kapsuli ya amoksilini iliyobaki ya mtoto, ikafunguliwa na kutiwa katika maji. Sungura asipewe dawa hiyo kwa kinywa kabisa, wala ampisilini, wala penisilini ya vidonge. Dawa hizi huwaua wale vijidudu wema wa matumbo, na wabaya wasiodhurika huchukua nafasi yao. Sungura huharisha, na aweza kufa siku chache baadaye, mwenyewe akidhani ni maradhi ya kwanza. Kuhara kwa sungura wachanga mara nyingi hutokana na vijidudu vya sakafu chafu, navyo vina dawa yake nyingine, ambayo daktari wa mifugo huijua pamoja na kipimo.

Kwa wale wawili waliobaki, pumba zisikatwe ghafla, kwani badiliko la ghafla nalo lina madhara. Ugali na maharage vikome leo. Pumba zipunguzwe kidogo kidogo kwa siku 10, na nyasi kavu zijazwe bandani tangu siku ya kwanza. Wakikataa nyasi, zichanganywe na matembele machache mpaka wazizoee.