Setilaiti yafichua kupungua kwa nyasi bahari pwani ya Kenya

MSITU unapokatwa, kila apitaye njiani huviona visiki. Nyasi bahari zinapotoweka chini ya maji, hakuna aonaye isipokuwa mvuvi, naye hutambua pale nyavu zake zinaporudi tupu.

Nyasi bahari si mwani, ingawa wengi huchanganya viwili hivyo. Ni mimea kamili yenye mizizi, maua na mbegu, nayo huota katika maji ya kina kifupi yanayofikiwa na mwanga wa jua. Humo tafi hupata malisho na samaki wengi wachanga hupata maficho. Kasa na nguva nao huzila. Mizizi yake hushikilia mchanga usichukuliwe na mawimbi, na udongo ulio chini yake huhifadhi kaboni nyingi ambayo huweza kurudi hewani mimea ikishang'oka.

Kuyapima malisho hayo kwa kupiga mbizi peke yake, kutoka Kiunga hadi Vanga, kungehitaji miaka mingi na fedha nyingi. Ndiyo maana wanasayansi wamegeukia setilaiti.

Chombo hicho hupima mwanga wa jua unaoakisiwa na uso wa dunia, rangi moja moja. Mwanga mwekundu humezwa na maji upesi, lakini wa buluu na wa kijani hupenya zaidi, hufika sakafu ya bahari na kurudi juu. Mchanga mweupe hurudisha mwanga mwingi. Nyasi bahari hurudisha kidogo. Kwa tofauti hiyo kompyuta huchora ramani.

Setilaiti za Landsat za Marekani zimekuwa zikikusanya picha tangu mwaka 1972, na kuanzia mwaka 2008 hutolewa bila malipo. Sentinel-2 za Ulaya, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka 2015, huonyesha eneo dogo hadi mita 10 kwa 10.

Kwa kutumia picha za aina zote mbili, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Biology Letters ulikadiria kuwa Kenya ilikuwa na takriban kilomita za mraba 317 za nyasi bahari, baada ya kupoteza wastani wa asilimia 0.85 kila mwaka tangu mwaka 1986. Linalotia hofu zaidi ni kasi yenyewe: asilimia 0.29 kwa mwaka ilipofika 2000, kisha asilimia 1.59 mwaka 2016.

Hata hivyo, picha hizo zina mipaka. Mawingu huziba, tope la mito Tana na Sabaki huficha sakafu ya bahari, na mwamba ulioota mwani huweza kudhaniwa kuwa nyasi. Kwa hiyo ni lazima watafiti waingie majini kuhakikisha.

Aidha, setilaiti huonyesha mahali palipoharibika, lakini haisemi ni nani aliyeharibu. Watafiti hao walitaja shinikizo la uvuvi kuwa miongoni mwa sababu kuu, ingawa ushahidi wake ulitokana zaidi na maelezo ya watu kuliko vipimo. Nyavu za kukokota, zilizopigwa marufuku nchini Kenya mwaka 2001, huburura sakafu ya bahari na kung'oa mimea.

Ramani, basi, huelekeza tu pa kuanzia. Aliyetupa nyavu hapo kwa miaka 30 ndiye awezaye kueleza kilichotokea, na bila yeye hakuna ulinzi utakaodumu.