Je, Wajua? Divai nyekundu na joto la Korogwe
Je, wajua kwamba chupa ya divai nyekundu inayoweza kukaa miaka 20 ikizidi kuwa tamu inaweza kuharibika katika kiangazi kimoja tu kwenye rafu ya duka la Korogwe au Handeni?

Pombe ya miwa ya vijijini Tanga hainywewi wiki ijayo. Siku chache tu, imeshakuwa siki. Divai nyekundu hudumu kwa kilevi chake, asilimia 12 hadi 15, kwa uchachu wa zabibu, na kwa tanini: ile inayokausha ulimi unapokunywa chai ya rangi iliyokolea, mathalani ya Ambangulu, huko huko milimani Korogwe.

Mafundi wa Bordeaux, Ufaransa, huchanganya aina za zabibu, Cabernet Sauvignon yenye tanini kali na Merlot iliyo laini. Miaka ikipita, tanini hushikamana na kuzama kama mashapo, rangi ya zambarau huelekea ya tofali, na harufu ya matunda hupisha ile ya ngozi na tumbaku. Lakini kazi hiyo hutaka giza na ubaridi wa nyuzijoto 13 hivi. Kwenye 30, divai huishia na ladha ya matunda yaliyochemshwa.

Divai nyingi za Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, hutengenezwa zinywewe zikiwa changa. Hizo usizihifadhi. Na ile chupa iliyopangwa dirishani juani ili ivutie wateja, mwachie mwenye duka.