Alama ya Paji la Uso kwa Wahindu: Maana Yake na Hukumu ya Muislamu Kuiweka

SWALI: Binti yetu anasoma chuo Iringa. Ametuma picha ana doa jekundu kwenye paji la uso. Anasema alikwenda kwa jirani yao Mhindi siku ya Diwali, akapakwa mlangoni. Jamaa wanasema ameritadi, na baba yake hapokei tena simu yake. Tufanyeje?

JAWABU: Sifa zote njema ni za Allaah, Rehma na Amani zimshukie Mtume Muhammad. Ama baada ya hayo.

Tukifahamu kwanza kitu chenyewe ndipo tutakapohukumu kwa uadilifu. Alama hiyo huitwa tilaka. Wagujarati, ambao ni wengi katika Wahindi wa Afrika Mashariki, husema chandlo. Mistari mitatu ya majivu iliyolala ni ya wafuasi wa Shiva. Mistari iliyosimama, mara nyingi ya liwa, ni ya wafuasi wa Vishnu. Doa jekundu ni unga wa manjano uliochanganywa na chokaa ukageuka rangi. Hupakwa wakati wa ibada, hupakwa mgeni kwa kumkaribisha, na kwa mwanamke huashiria ndoa. Mjane, kwa mila yao ya zamani, haliweki. Siku hizi viko pia vidoa vya kubandika, ambavyo wengi huvivaa kwa pambo tu.

Wala si kila Mhindi ni Baniani. Makhoja, Mabohora na Mamemoni, wanaonasibika na Uislamu, hawana alama hii.

Ama hukumu yake ina sehemu tatu:

1. Anayeiweka kwa kuitukuza miungu yao ameingia katika shirki.

2. Anayeiweka kwa pambo, hali kwa watu bado ni alama ya dini nyengine, ameingia katika katazo la kujifananisha, lililokuja katika Hadithi ya Ibn Umar kwa Abu Daud. Ni kosa la kuachwa, lakini halimtoi mtu katika Uislamu.

3. Aliyepakwa ghafla, hajui maana yake, huelimishwa kwa upole. Aioshe na asirejee.

Binti yenu, kwa mlivyoeleza, ni wa sehemu ya tatu. Wanaosema ameritadi wamche Allaah: Mtume ametuonya kwamba anayemwita nduguye kafiri, neno hilo humrudia mmoja wao.

Baba apokee simu leo. Mtoto aliye mbali akifungiwa mlango nyumbani, atamuuliza nani dini yake?

Naye asimkate jirani yake. Sura Al-Mumtahina, aya ya 8, haikutukataza kuwafanyia wema na uadilifu wasiotupiga vita, na Al-An'aam, aya ya 108, inatukataza kutukana wanavyoviabudu. Amtembelee siku nyengine, si katika ibada ya sikukuu, na akitaka kupakwa aseme kwa adabu: "Ahsante mama, dini yangu hainiruhusu."

Na Allaah Anajua zaidi.